Mafundi wa Jedwali la Kumi na Nne

Jina la Makadirio alipewa na tarishi wa wizara, mtu wa mdomo mwepesi ambaye hakumwacha yeyote wa ghorofa ya tatu bila kumbandika jina. Mhasibu alikuwa Njoo Kesho. Katibu muhtasi wa mkurugenzi alikuwa Yuko Kikaoni. Naye, kwa kuwa hakuna swali alilolijibu bila kutanguliza neno hilo, akawa Makadirio. Ukimuuliza kama chai imebaki, alikuambia kwa makadirio imebaki vikombe viwili. Jina likashika, na mwishowe hata mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, akawa analitumia nyumbani, hasa akiwa amekasirika.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu watu ambao bado hawajapatikana. Wenzake wa Idara ya Mipango ya Muda Mrefu walishughulika na barabara, umeme na mazao, yeye akashughulika na mafundi. Barabara ikipangwa kujengwa mwaka wa nane, lazima mtu akae chini mwaka wa kwanza aulize: nani ataendesha greda? Amesomea wapi? Kama hajasoma, aanze lini ili siku greda likifika asiwe bado yuko darasani? Ni kazi isiyoonekana. Ikienda vizuri hakuna anayekushukuru, maana watu huona greda linatembea, basi.

Mpango wa Miaka Ishirini ulipoandikwa alikuwa na miaka arobaini, na alikabidhiwa sura ya nguvu kazi. Jedwali la Kumi na Nne katika sura hiyo lilihusu nguo. Serikali ilikuwa imeamua kwamba pamba isiuzwe tena nje ikiwa ghafi. Ingesokotwa na kufumwa nchini, katika viwanda vinane. Makadirio alikwenda kwenye kiwanda kimoja cha zamani kilichokuwa bado kinapumua, akakaa wiki nzima. Alihesabu mashine, akahesabu mafundi wanaozitunza, akauliza wangapi wanastaafu kwa mwaka, wangapi wanaugua vifua, wangapi wanaacha kazi kwa hiari yao. Akarudi nyumbani na vumbi la pamba kwenye nyusi. Alizidisha kwa nane, akaongeza akiba, akapata mafundi mitambo elfu moja mia moja na sitini. Chuo cha ufundi wa nguo kilifunguliwa kwa hesabu hiyo: kozi ya miaka miwili, wanafunzi wapya sabini kila mwaka, kwa kuwa wachache huacha njiani.

Hesabu ilikuwa safi. Hata waliomlaumu baadaye hawakuwahi kuonyesha mahali alipokosea kuzidisha.

Mwaka wa sita wa Mpango, mdogo wa mkewe alikuja kukaa kwao. Alikuwa binti, kitindamimba katika watoto sita, na kwao walimwita Kitinda tu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza sekondari kwa alama nzuri, mkononi ana barua mbili za kuitwa chuo: moja ya upimaji wa ardhi, nyingine ya ufundi wa mitambo ya nguo. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, vyombo vikiwa bado mezani, aliziweka zote mbili mbele ya Makadirio.

"Shemeji, wewe ndiye mtu wa serikali. Niende wapi?"

"Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Kupima ardhi. Nikikaa ndani siku nzima naota kutu."

Makadirio alinawa mikono, akaifuta vizuri, akaenda chumbani na kurudi na kabrasha lenye jalada la bluu. Alilifungua pale palipotakiwa bila kupapasa. "Wapimaji, nchi itahitaji mia mbili na arobaini. Waliopo na walioko chuoni ni mia mbili na sitini. Ukimaliza utakuta foleni. Sasa tazama mafundi wa nguo. Hata chuo kikijaa kila mwaka, tutafika lengo kwa kuhema."

Kitinda akainama juu ya tarakimu. "Haya ya miaka ishirini mmeyaonaje?"

"Hatuyaoni. Tunayakadiria."

"Na mvua ya leo umeshaikadiria?" mkewe aliuliza kutoka jikoni. "Maana nguo zako ziko nje na wingu hilo limetanda."

Wakacheka wote watatu. Kitinda aliikunja barua ya upimaji mara mbili, akaiweka chini ya sahani. "Basi nitalifuata jedwali lako, shemeji. Nikikosa kazi, nitakuja kula kwako."

"Kwa makadirio, hutakuja," alisema, na aliamini alichosema.

Mwaka uliofuata, taarifa ya robo mwaka ilipita mezani kwake kama zilivyopita nyingine. Safari hii aliisoma mara mbili. Kati ya viwanda vinane, vitatu vilikuwa vinajengwa. Vitano vilivyobaki vilikuwa na mabango tu. Wawekezaji wawili walikuwa wamejitoa, njia ya umeme mkubwa ilikuwa imehamishiwa upande mwingine wa nchi, na nguo za bei ya kutupa zilikuwa zinaingia bandarini kwa makontena. Hakuna mtu aliyekuwa ameandika kwamba viwanda hivyo vitano havitajengwa. Taarifa ilisema "vinasubiri". Lakini Makadirio alikuwa amekaa serikalini muda wa kutosha kujua maana ya neno hilo.

Aliandika dokezo la ukurasa mmoja na nusu kwa mkurugenzi wa wakati huo, akipendekeza chuo kipunguze wanafunzi kutoka sabini hadi thelathini. Mkurugenzi, mtu mpole aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alilirudisha likiwa na maneno manne ya wino wa kijani pembeni: "Tusubiri mapitio ya kati." Mapitio ya kati yalipangwa kufanyika mwaka wa kumi. Hayakufanyika. Chuo kiliendelea kuchukua wanafunzi sabini kila mwaka, kama lilivyosema jedwali.

Ofisini, basi, alifanya alichoweza, au alichodhani anaweza. Nyumbani hakufanya kitu. Wiki ileile Kitinda alikuja likizo, amemaliza mwaka wa kwanza, wa pili katika darasa zima. Alikuwa amenenepa kidogo na ana kovu jipya kwenye kidole gumba. Siku tano walikula meza moja. Alieleza jinsi uzi unavyokatika na jinsi sikio la fundi linavyoujua kabla ya jicho. Alifunga kamba kwenye miguu ya viti kuonyesha mashine inavyofuma, hadi dada yake akalalamika kwamba nyumba imekuwa utando wa buibui. Chuo cha upimaji kilikuwa bado kinapokea wanafunzi, na kingeendelea kupokea kwa wiki tano. Makadirio alijua, kwa sababu tangazo lilikuwa ukutani pa ofisi yao. Siku ya tatu alifungua kinywa aseme. Kitinda akamgeukia na uso uliochangamka, ameshika kamba kwa meno. Makadirio akaomba apewe maji.

Alijiambia kwamba viwanda vitatu navyo vinahitaji watu, na kwamba mtu wa pili darasani hawezi kukosa nafasi. Alijiambia pia kwamba makadirio si ahadi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, ila hakuwa amelisema siku ya barua mbili.

Kitinda alihitimu, akaajiriwa kwenye kiwanda cha kwanza kati ya vile vitatu. Alifanya kazi miaka miwili na miezi minane. Alipewa safu ya mashine arobaini za kusokota, na mwaka wa pili akapandishwa kuwa msimamizi wa zamu. Kisha zamu ya tatu ikafutwa. Baadaye kidogo kiwanda kikawa hakifunguliwi Jumatatu na Jumanne. Asubuhi moja wafanyakazi walikuta karatasi imebandikwa langoni, na mlinzi waliyekuwa wakitaniana naye kila siku akawa hawatazami usoni.

Alikuja kwa dada yake na begi moja na sanduku la chuma la vifaa. Makadirio alimpokea mlangoni.

"Shemeji, nimekuja kula."

Hakuna aliyecheka. Makadirio alilichukua sanduku, likamwelemea, akalihamishia mkono wa pili. "Ni mpito tu," alisema. "Hali itatulia. Kwa..."

"Usilitaje hilo neno."

Alikaa nao miezi minne. Aliandika maombi ya kazi hadi wino ukamwishia. Pembezoni mwa mji, mashamba yalikuwa yanakatwa viwanja kila kukicha, na wapimaji walikuwa hawakamatiki: ukimtaka mmoja unaambiwa urudi baada ya wiki sita. Msichana aliyesoma naye sekondari, aliyekwenda chuo cha upimaji na alama za kubahatisha, alisimama siku moja na gari la mradi mbele ya nyumba kumsalimu. Kitinda alimsalimu vizuri, wakaulizana habari za wenzao. Gari lilipoondoka alirudi ndani akaosha vyombo vilivyokuwa tayari vimeoshwa.

Kisha aliondoka na mwenzake mmoja wa chuo, wakaenda mji wa mbali, safari ya saa tano. Akawa anatuma salamu kwa dada yake. Alipokuja kumwona, alikuja katikati ya wiki, dada akishatoka shuleni, na kuondoka kabla ya saa kumi, Makadirio akiwa bado ofisini. Hakumtukana Makadirio wala kumsema vibaya kwa ndugu. Alimkwepa tu, mwaka baada ya mwaka, hadi kumkwepa kukawa desturi isiyoulizwa.

Miaka ishirini ikaisha. Wizara ilianza kutathmini Mpango uliopita ili iandike mwingine wa miaka ishirini. Mkurugenzi sasa alikuwa mwanamke aliyezidiwa na Makadirio miaka kumi na mitano, mwepesi wa kufikiri, anayefika ofisini kabla ya wafagizi. Alimwita na kumwonyesha muhtasari.

"Mzee, sura yako ndiyo inayong'aa kuliko zote. Barabara tumefika asilimia sitini. Umeme, usiniulize. Lakini mafundi wa nguo, lengo elfu moja mia moja na sitini, waliohitimu elfu moja mia moja tisini na watano. Asilimia mia moja na tatu! Nataka hii iwe mwanzoni kabisa."

"Waliohitimu," Makadirio alisema.

"Ndiyo."

"Wako wapi?"

Mkurugenzi alitua kalamu. "Mzee, tumebakiza wiki saba."

"Nipe wiki tatu. Nichukue madarasa matatu: moja la mwanzo, moja la katikati, moja la juzi. Nijue walikokwenda. Tuliwahesabu wakiingia, tukawahesabu wakitoka, halafu tukafunga daftari."

Alimpa wiki mbili. Gari hakumpa, kwa sababu lililokuwapo lilikuwa gereji.

Chuoni alipewa rejista. Madarasa matatu yalikuwa na majina mia moja tisini na manane, na anwani ambazo nyingi zilikuwa za wazazi waliokwisha kuhama au kufariki. Siku nne alipiga simu, akapata watu saba. Siku ya tano alikaa sebuleni ameshika tama, rejista magotini. Mkewe alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake, akasema bila kuinua kichwa, "Unatafuta wahitimu nchi nzima, nawe una mhitimu wako."

"Hatanipokea."

"Basi akufukuze. Utakuwa umekaribia kuliko ulipo hapo."

Asubuhi alipanda basi. Karakana ya Kitinda ilikuwa nyuma ya safu ya maduka, chumba kirefu chenye sakafu ya saruji na meza tatu za mbao. Juu ya mlango paliandikwa MASHINE ZA AINA ZOTE. Ndani mlikuwa na cherehani zilizofumuliwa, mashine mbili za kufulia, moja ya kusaga, na kitu kikubwa kilichofunikwa turubai. Wanawake wawili watu wazima walikuwa kazini, mmoja akipaka grisi, mwingine akipima mkanda. Kitinda alitoka nyuma ya mashine ya kufulia, mikono myeusi hadi viwikoni. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu na mvi mbili tatu juu ya paji la uso.

"Karibu, mzee," alisema. Hakusema shemeji. Alimsogezea kigoda kwa mguu.

Makadirio alieleza kilichomleta: tathmini, madarasa matatu, wiki mbili ambazo sasa zilikuwa zimebaki siku tisa. Kitinda alimsikiliza huku akikaza skrubu za bamba la nyuma, moja baada ya nyingine. Alipomaliza aliuliza, "Ulijua lini?"

"Nini?"

"Kwamba viwanda havitajengwa. Ulijua lini?"

Kwa miaka mingi Makadirio alikuwa ameandaa majibu ya swali hilo, mengine marefu, yenye bandari na umeme ndani yake. Pale kwenye kigoda hakuna hata moja lililotoka.

"Mwaka wa saba. Ulikuwa umemaliza mwaka wa kwanza. Ulikuja likizo."

Mwanamke aliyekuwa anapima mkanda aliacha kupima.

"Nilikaa kwenu siku ngapi?"

"Tano."

"Na chuo cha upimaji?"

"Kilikuwa bado kinapokea. Wiki tano zaidi."

"Dada alijua?"

"Hapana. Sikumwambia mtu nyumbani."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu," Makadirio alisema. "Na nilikuwa natumaini hesabu yangu itarudi kuwa sahihi."

Kitinda aliweka bisibisi juu ya meza, akachukua kitambaa akaanza kufuta vidole, kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji. "Miaka yote hii nilidhani hukujua. Nilikukasirikia kwa kukosea. Mtu kukosea ningekuwa nimekusamehe mwaka wa pili tu, ila nilishazoea kuja siku za kazi, nikaona tabu kubadilisha. Sasa unaniambia hukukosea, ulinyamaza. Itabidi nianze upya."

"Anza," alisema Makadirio. "Ni haki yako."

"Haki yangu naijua, huna haja ya kunigawia." Alikwenda kwenye droo, akatoa daftari lenye madoa ya mafuta, akalitupa mezani mbele yake. "Hawa hapa. Darasa langu lote, na wengi wa madarasa mengine. Tunapigiana simu kutafuta vipuri. Mashine ikinishinda hapa, kuna mwenzangu mahali ameshaifumua. Nitakusaidia kuwapata. Lakini tuelewane: nafanya kwa ajili yao."

Siku nane walifanya kazi pamoja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi karakana ilipofungwa. Kitinda alipiga simu huku akifanya kazi, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Makadirio aliandika. Alilala kwenye nyumba ya wageni jirani, yenye godoro lililoshuka katikati. Mazungumzo yao yalikuwa ya kazi tu. Kwa watu wa simu, Kitinda alimtambulisha kama "mzee mmoja wa wizarani". Wengi walipopokea walidhani wamepatiwa kazi, na ilibidi waambiwe haraka kwamba sivyo. Mmoja alisema, "Serikali inanitafuta leo? Nimefanya nini?" Mwingine, mwanamume wa darasa la kwanza kabisa, alilia. Kitinda alimsubiri amalize, kisha akamuuliza kwa sauti ileile anafanya kazi gani sasa.

Walipata watu mia moja arobaini na saba. Tisa walikuwa kwenye viwanda vya nguo. Hamsini na wanane walikuwa wanatengeneza mashine za aina nyingine: pampu za visima, jenereta, mitambo ya kusaga, cherehani, lifti za hospitali. Hamsini na wawili walikuwa wameacha ufundi kabisa na kuwa madereva, walimu, wakulima, wenye maduka. Kumi na mmoja walikuwa nchi za nje. Sita walikuwa wamefariki. Kumi na mmoja hawakuwa na kazi yoyote.

Kitu kimoja kilimshangaza Makadirio. Wale hamsini na wanane, karibu wote, walimtaja mwalimu mmoja wa karakana ya chuo, mzee aliyekwisha kufa, ambaye kinyume cha mtaala aliwafundisha kutengeneza chochote kilichoharibika chuoni: pampu ya maji, jiko la umeme la bwalo, hata saa ya mkuu wa chuo. Mwalimu huyo aliwahi kupewa barua ya onyo kwa kutofuata mtaala. Madarasa aliyofundisha yalikuwa na mafundi wengi. Darasa la juzi, lililokuja baada yake, lilikuwa na wachache mno.

"Huyu mtu hayumo kwenye jedwali lolote," alisema Makadirio.

"Angekaa wapi?" Kitinda alijibu. "Ungemweka kwenye safu gani?"

Mkurugenzi aliisoma ripoti yenye kurasa kumi na moja Makadirio akiwa amekaa mbele yake. Aliisoma yote, hakuruka.

"Ni kazi nzuri," alisema. "Mzee, ni kazi nzuri sana. Lakini siwezi kuweka hii mwanzoni. Wiki mbili zijazo nakwenda kuomba chuo kingine, cha mafundi wa umeme wa jua, watu elfu mbili na mia nne. Nikianza kwa kusema tulisomesha watu na tisa tu kati ya mia moja arobaini na saba ndio wako viwandani, sitapewa hata chaki."

"Na ukijenga chuo hicho, nani atawauliza hao elfu mbili na mia nne wako wapi?"

"Tutawauliza."

"Mwaka gani?"

Mkurugenzi aliifunga ripoti bila kutaja mwaka. Hakuwa mtu mwongo, na pengine ndiyo sababu. Walikubaliana kwamba asilimia mia moja na tatu itabaki ndani ya sura, na ripoti itakuwa kiambatisho cha saba. Makadirio alitia saini. Kitabu kilipotoka kwa mpiga chapa, viambatisho vyote vilikuwa vimeachwa ili kisizidi kurasa mia tatu. Alikipekua mara mbili, akakifunga, akaenda kumwambia tarishi, ambaye naye sasa alikuwa mzee mwenye miwani. Tarishi akamuuliza, "Kwa makadirio, nani angesoma?" Ni miongoni mwa mara chache Makadirio alipopandisha sauti ofisini.

Alistaafu miezi minne baadaye. Waliompa neno la kwaheri walisifu ile asilimia mia moja na tatu. Wiki ya kwanza ya kustaafu alitoa nakala ya ripoti kwa mashine ya duka la karibu, akapanda basi kwenda chuoni, bila barua ya kumtambulisha wala wadhifa. Alifika siku wanafunzi wapya wanapokewa. Walikuwa sabini, wamepanga foleni uani na ndoo zao na magodoro, wanasubiri kugawiwa vyumba.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa maneno machache. Alisoma akiwa amesimama dirishani. Alipofika kwenye sehemu ya mwalimu wa karakana aliketi.

"Kwa nini hamkutuletea hii miaka kumi iliyopita?"

"Hatukuuliza," alisema Makadirio. "Mimi sikuuliza."

"Mimi nami nilitia saini ile barua ya onyo." Akatazama nje uani. "Hawa nimeshawapokea. Siwezi kuwarudisha. Lakini naweza kuwabadilishia kitu cha kusoma. Huyu mwanamke mwenye karakana, atakuja nikimwita?"

"Ukimwita wewe, atakuja. Usimwambie nimekutuma."

Kitinda alikwenda. Alikaa kwenye kamati ya mtaala pamoja na wahitimu wengine watatu na walimu wawili waliopinga kila kitu hadi kikao cha tatu. Walipendekeza ufundi wa nguo ubaki na wanafunzi ishirini na watano, na waliobaki wasomee matengenezo ya mashine kwa jumla, pamoja na sharti kwamba kila baada ya miaka mitatu chuo kiwatafute wahitimu wake na kuandika wanafanya nini. Mapendekezo yalipelekwa wizarani kuombewa kibali. Yalikaa wizarani miezi kumi na mitatu. Makadirio, ambaye alijua kila meza ambayo faili lile lingepita, alikwenda mara nne kulifuatilia, akikaa kwenye benchi la wageni nje ya ofisi iliyokuwa yake. Mara ya nne mkurugenzi alimkuta pale, akamwingiza ndani, akalitafuta faili kwa mkono wake mwenyewe. Lilikuwa chini ya mengine kumi na mawili. Alilisaini akiwa amesimama.

Kati ya shemeji hao wawili mambo hayakurudi yalivyokuwa. Siku moja Kitinda alifika kwa dada yake Jumamosi, Makadirio akiwa nyumbani, akakaa hadi chai. Walizungumza habari za chuo na za goti la Makadirio lililokuwa linamsumbua. Hakuna aliyetaja zile siku tano. Tangu hapo alikuja Jumamosi mara kwa mara, si zote, na akichoka kuzungumza naye alihamia jikoni bila kuficha.

Barua ya kibali ilipofika, mkuu wa chuo alimpigia Kitinda simu. Alimkuta amelala chali chini ya mtambo uliokuwa umefunikwa turubai, ambao ulikuwa wa kukamua mafuta na mwenye mtambo alikuwa amesimama mlangoni analalamika. Mmoja wa wanawake wa karakana alipokea, akasikiliza, akamwinamia.

"Mapendekezo yamekubaliwa. Anauliza kama utaweza kufundisha siku mbili kwa wiki."

"Kuanzia lini?"

"Mwezi wa tisa."

Kitinda alifikiri kidogo, akahesabu mashine zilizokuwa zinasubiri pale chumbani. "Mwambie moja. Siku ya pili tutaizungumza," alisema, akanyoosha mkono aletewe spana namba kumi na saba.